Oili ya Jumatatu



Nataka kutoa maoni yangu juu ya pikipiki inayovuja oili. Najua wako watakaocheka. Watasema mwalimu mzima ameacha mambo ya mitihani na nidhamu, anatuandikia habari za matone chini ya mwembe. Na wacheke, lakini wasome hadi mwisho, maana matone hayo yamenigharimu kuliko mitihani yote niliyofanya katika shule hii, na chanzo cha hasara yangu ni maneno mawili ambayo sisi sote twayapenda mno: kawaida yake.

Wanafunzi wa zamani waliosoma hapa miaka ya 1980 wataikumbuka pikipiki ya marehemu baba yangu, kwa sababu siku za wazazi ilisikika tangu ikiwa bado bondeni. Ni BSA B31, yenye silinda moja ya sentimita za ujazo 348, namna iliyotengenezwa Birmingham, Uingereza, tangu mwaka 1945 hata 1959. Mzee alikuwa bwana shamba katika wilaya za huku kwetu mashariki ya Uganda, akainunua mwaka 1963 ikiwa imekwisha tumika. Aliipanda katika matope ya mlimani, katika vumbi la Januari, na mara moja, kama mama anavyosimulia, alimpakia nayo ndama.

Tena ilivuja. Nyumbani kwetu palikuwa na kopo la maziwa ya unga ambalo kazi yake ilikuwa moja tu, kukaa chini ya injini. Sisi watoto tulilimwaga kila jioni. Mgeni akiuliza, Mzee hujibu, "Ni kawaida yake." Hata mafundi walisema vivyo hivyo, na wengine waliongeza mzaha kwamba mashine ya Mwingereza ikiacha kuvuja ujue oili imekwisha. Tukacheka, na kopo likabaki mahali pake.

Mzee alifariki mwaka 2009, nami nikairithi pikipiki pamoja na kopo lake.

Mwaka 2023, siku moja ya mvua ya rasharasha, nilikuwa nikitoka Mbale kwenda upande wa Sironko nimempakia mwanangu, wakati huo akiwa kidato cha kwanza. Tulikuwa hatuendi mbio. Katika kona gurudumu la nyuma likatuponyoka kama sabuni, tukaanguka wote wawili. Mimi nilichubuka goti. Yeye alivunjika mfupa wa mtulinga. Nilipokuwa nikiiinua pikipiki nilishika tairi la nyuma, na mkono wangu ukatoka mweusi, unateleza. Oili iliyovuja kutoka ubavu wa injini ilikuwa imepeperushwa na upepo mpaka kwenye tairi, si siku hiyo tu, bali kila siku, nami kila siku nilikuwa nikifuta injini ili ipendeze na kuliacha tairi.

Mtoto hakunilaumu. Alisema tu, "Baba, kumbe ile oili huenda mbali." Ndugu zangu, ingekuwa afadhali anilaumu.

Basi nikaamua kuiponya. Hapa ndipo kosa langu la pili lilipoanza, nami nalieleza kwa urefu kwa kuwa naliona likifanywa kila siku na watu wenye akili kunishinda.

Nilimpelekea fundi. Hakuuliza lolote. Alitazama palipolowa, akafungua kifuniko cha ubavuni, akapaka silikoni nyingi pande zote mbili kama mtu apakaye siagi kwenye mkate, akafunga. Kwa siku nne hapakuwa na tone. Siku ya tano oili ilirudi, tena kwa wingi kuliko kwanza. Nikamwendea tena, akapaka tena. Mimi nami, nikijiona nina nguvu, nikachukua spana nikakaza boliti zote mpaka moja ikaanza kuzunguka bure. Meno yake ndani ya aluminiamu yalikuwa yamekatika.

Nataka wanafunzi waelewe jambo hili la kukaza, kwa sababu ni la fizikia na si la nguvu za mkono. Kifuniko ni chuma laini kilicholala juu ya chuma laini kingine. Ukikaza boliti kupita kiasi, sehemu iliyo karibu na tundu huvutwa na kuvimba, na katikati ya boliti mbili panabaki mwanya. Kwa hiyo kila unavyozidi kukaza, ndivyo unavyozidi kuifungulia oili njia. Nilikuwa nimefanya hivyo kwa miezi mitatu, huku nikifundisha habari za kani na eneo darasani!

Na hiyo silikoni haina kosa ikitumiwa kwa kiasi mahali pake. Lakini ile inayobanwa ikatokea nje, ambayo twaiona na kuikata kwa kisu, ina ndugu yake aliyebanwa akatokea ndani, ambaye hatumwoni. Huyo hukauka, hukatika vipande, na vipande hivyo husafiri na oili. Neno hili nitalirudia.

Rafiki yangu mmoja, mwanafunzi wa zamani wa shule hii aliye na pikipiki ya zamani kama yangu, akanishauri nifunge koki kwenye bomba la oili linaloshuka kutoka tangini. Ukisimama unafunga koki, ukiondoka unafungua. Wenye pikipiki za namna hii wengi hufanya hivyo, na wengi huapa kwamba hakuna dawa nyingine. Lakini mimi sikuelewa bado kwa nini koki isaidie, nikamwambia angoje kwanza.

Aliyenifungua macho si fundi wala si mwalimu. Ni kijana wa kidato cha pili ambaye zamu yake ya usafi ilikuwa chini ya mwembe karibu na maabara, ambapo huegesha pikipiki. Alikuja asubuhi moja na jembe na mchanga, akasimama kwa adabu, akasema:

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba kuuliza. Kwa nini Jumatatu ni nyingi?"

"Marahaba. Nini ni nyingi?"

"Oili, Mwalimu. Jumanne mpaka Ijumaa namwaga mchanga mikono miwili. Jumatatu namwaga karai zima."

Nikamwambia aende darasani. Kisha nikakaa chini ya mwembe ule, na kengele ya kipindi cha kwanza ikalia nikiwa bado pale. Maana mwishoni mwa juma mimi huondoka na wenzangu kwa gari, na pikipiki hubaki pale pale tangu Ijumaa jioni. Haikuwa imewashwa. Haikuwa imeguswa. Basi kama ingekuwa inavuja kwa sababu ya kwenda, Jumatatu pangekuwa pakavu. Kumbe ilikuwa ikivuja zaidi kwa kukaa kimya. Nilikuwa nimeimiliki tangu 2009, na Mzee kabla yangu tangu 1963, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza ni siku gani inavuja.

Naomba nieleze namna mashine hii ilivyo. Katika B31 oili haikai ndani ya injini. Ina tangi lake ubavuni, chini ya kiti. Oili hushuka kwa bomba mpaka kwenye pampu ya gia, pampu huisukuma kwenye sehemu zinazozunguka, nayo ikisha kazi yake hudondoka chini ya injini. Pale hunyonywa na gia nyingine za pampu ile ile na kurudishwa tangini. Wakati injini inafanya kazi, chini yake huwa na oili kidogo tu. Lakini injini ikisimama, tangi liko juu na injini iko chini, na kitu chochote cha majimaji hujua kuteremka. Kinachoizuia isiteremke ni gololi moja ndogo ya chuma, inayosukumwa na springi ikalie tundu lake na kulifunga. Gololi isipokaa vizuri, oili hushuka polepole usiku kucha, tena na tena, mpaka tumbo la injini linajaa. Hapo itatoka popote penye mwanya. Na asubuhi ukiwasha, vile visukani vizito vinavyozunguka ndani huipiga oili ile kama mchapo wa mayai na kuirusha nje kwa nguvu.

Nilimwita yule kijana, tukafanya jaribio. Ijumaa jioni tulizungusha injini kwa muda ili oili irudi tangini, tukachovya kijiti, tukakata alama kwa kisu. Jumatatu tukachovya kijiti kile kile. Alama ilikuwa juu ya oili kwa upana wa vidole vitatu. Tukafungua kifuniko cha chini ya injini juu ya karai, ikamwagika zaidi ya nusu lita. Kijana akasema, "Kwa hiyo havuji huyu, anamezeshwa." Sijapata kuona maelezo mazuri kuliko hayo katika kitabu chochote cha ufundi.

Nilipotoa gololi nilikuta mambo mawili. Kikao chake kilikuwa kimekwisha kula upande, bila shaka tangu enzi za Mzee, na hilo ndilo kopo la maziwa. Tena juu ya kikao palikuwa na kipande cha kitu laini cha kijivu, ukubwa wa punje ya mtama, kimeikinga gololi isifunge. Ilikuwa silikoni. Ile dawa niliyolipia mara mbili ndiyo iliyofanya ugonjwa uzidi.

Matengenezo yenyewe hayakuwa makubwa. Tulisafisha kila njia ya oili kwa mafuta ya taa na kupuliza kwa pampu ya baiskeli. Nilinunua gololi mpya ya robo inchi katika duka la beringi, kwa fedha isiyofika bei ya soda mbili. Niliiweka juu ya kikao, nikaigonga mara moja, kwa wepesi, kwa kipande cha shaba, ili kikao kipate umbo lake, kisha nikaitupa nikaweka nyingine na springi mpya. Lile tundu lililokatika meno nilimpelekea fundi wa kerezo, akalitia meno mapya. Kifuniko nilikisugua juu ya msasa laini uliolazwa kwenye kioo cha dirisha, nikikizungusha bila kukigandamiza, mpaka uso wote ukang'aa sawasawa. Gasketi nilikata kwa karatasi ngumu ya jalada la faili: unailaza juu ya kifuniko, unagonga kingo zake kidogo kidogo kwa kichwa cha mviringo cha nyundo, nayo inajikata yenyewe. Kukaza nikakaza kwa vidole viwili vya mkono, kwa kuvuka, boliti hii na ile inayoikabili.

Jumatatu iliyofuata mchanga ulikuwa mikono miwili tu. Oili ya Jumatatu ilikwisha. Ikabaki ya kila siku.

Hapa wengi wangesema yatosha. Nami nakiri nilitaka kusema hivyo, maana nilikuwa nimechoka na kucha zangu zilikuwa nyeusi hata siku ya kikao cha walimu. Lakini nikakumbuka tairi. Basi tukaosha injini nzima kwa brashi na mafuta ya taa, tukaikausha, kisha tukapaka unga wa chaki kila mahali. Ndiyo, chaki ya ubaoni, iliyopondwa. Pikipiki ikawa kama ng'ombe aliyepita kwenye gunia la unga, na darasa zima likatoka kutazama. Nilikwenda mpaka sokoni na kurudi, nikisimama kila baada ya muda mfupi kuichunguza. Chaki kavu ni nyeupe, chaki iliyopata oili ni nyeusi, hakuna katikati. Na kanuni yake ni kwamba oili hushuka kwa uzito wake na kurudi nyuma kwa upepo, kwa hiyo usiangalie palipolowa sana. Tafuta palipolowa palipo juu kabisa na mbele kabisa. Hapo ndipo ilipotokea; kwingine kote inapita tu.

Fundi wangu alikuwa amepaka silikoni mahali ambapo oili inapita tu.

Kwa upande wetu ilikuwa ikitokea chini ya silinda, pale bomba refu la fito za valvu linapokutana na injini. Lakini gasketi ya hapo ilikuwa nzima! Nikabaki nikishangaa mpaka nilipofikiri habari za hewa. Pistoni inaposhuka huisukuma hewa iliyo chini yake, na katika injini hii hewa hiyo ni sentimita za ujazo 348 kila mara. Injini ikizunguka mara 3000 kwa dakika, pistoni hushuka mara 3000. Waingereza waliijengea bomba la kupumulia ili hewa hiyo itoke. Nilipochomeka waya katika bomba la kupumulia la pikipiki yangu, waya ulikwama. Ndani mlikuwa na udongo uliokauka kama tofali, na bila shaka ulikuwa wa nyigu wale wajengao viota vya udongo, maana nilikuta na mabawa. Injini haikuwa na pa kupumulia, ikawa inapumua kupitia gasketi. Ungeweka gasketi ya dhahabu, ingevuja.

Sasa nirudi kwa rafiki yangu na koki yake, kwa maana ndiye aliyenifanya niandike barua hii. Alipoona kazi yangu alisema, "Umejisumbua bure, koki ingetosha." Mimi nasema haingetosha. Koki haitengenezi gololi, wala haiondoi udongo wa nyigu. Inazuia tu dalili usiku. Na asubuhi moja utaamka umechelewa, mvua inanyesha, kichwa kimejaa mambo, utawasha na kuondoka koki ikiwa imefungwa. Pampu itazunguka bila kitu, na beringi kubwa ya kwenye kono la pistoni itakufa kabla hujapata nafasi ya kukumbuka. Wako waungwana waliounganisha koki yao na umeme wa cheche, ikiwa imefungwa injini haiwaki hata kidogo. Hao siwagombezi, wamefikiri. Lakini rafiki yangu hakuunganisha chochote. Ana kipande cha karatasi kimefungwa kwenye usukani, kimeandikwa "koki", na juzi nilikiona kimechanika nusu.

Vijana wengine wataniambia kwamba hayo ni mambo ya mashine za babu. Si kweli. Pikipiki nyingi za bodaboda tunazopanda leo oili yake hukaa chini ndani ya injini yenyewe, kwa hiyo ugonjwa wa gololi hazina, hilo nakubali. Lakini zina pistoni inayoshuka, na zina mpira wa kupumulia, nao mara nyingi umekunjwa au umebanwa na mtu aliyebadilisha kichujio cha hewa kwa haraka. Zina sili nyuma ya gia ndogo ya mnyororo, na huko oili ikitoka hufuata mnyororo mpaka kwenye tairi. Jioni moja nilihesabu pikipiki kumi na moja katika kituo cha bodaboda karibu na lango letu. Saba zilikuwa na silikoni imetokeza nje, nyekundu, bluu na kijivu. Nilipowauliza wenyewe sababu, watano walinijibu maneno yale yale ya Mzee. Na juu ya viti vya pikipiki hizo ndipo wanapopanda wadogo zenu kwenda shule, watatu watatu.

Siwalaumu madereva. Mtu anayelipa pikipiki kwa juma hana siku ya kuosha injini na kuipaka chaki. Namlaumu zaidi aliyesoma, mwenye nafasi, mwenye chaki bure, ambaye hutazama doa chini ya mwembe kwa miaka akiona ni kazi ya kijana wa zamu ya mchanga. Yaani mimi.

Mwanangu amepona, ila mtulinga wake una kijinundu ukiupapasa. Anaipanda pikipiki ya babu yake sasa, lakini kabla ya kupanda huinama na kupitisha kidole kwenye tairi la nyuma. Sikumfundisha mimi.

Kopo la maziwa lipo bado. Yule kijana wa mchanga, ambaye sasa yuko kidato cha nne, huliweka chini ya injini kila Ijumaa na kulichungulia kila Jumatatu kabla ya kengele. Juma lililopita alikuta matone mawili. Yeye asema yanatoka kwenye giaboksi, ambayo katika mashine hii imetengwa na injini na ina oili yake mbali. Mimi nasema ni kifuniko cha mnyororo wa mbele. Jumamosi baada ya michezo tutaiosha na kuipaka chaki, na yeyote anayetaka kuja aje na brashi yake mwenyewe, maana ile ya maabara imekwisha nyoa.

Mimi,
Mwanafunzi wa zamani, sasa mwalimu